Mashine ya Kukandia

2 Juni
Mashine ya kukandia unga imefika Tanga. Bei 7,200,000, lori 250,000, fundi wa kuifunga 150,000. Daftarini nimeandika 7,600,000. Bosi kalalamika kwamba nimempandishia bei. Nimemweleza kuwa mashine iliyo dukani Dar haimkandii mtu mkate hapa, kwa hiyo gharama ya kuileta na kuifunga ni sehemu yake. Kauliza kama mihogo waliyokula vibarua imo. Haimo.

Imeingia jikoni baada ya mlango kung'olewa. Mlango umeegemezwa ukutani.

3 Juni
Tumekadiria maisha ya mashine. Muuzaji alisema miaka 15, ila dhamana katoa ya mwaka 1. Mpishi mkuu, aliyekwisha zika mashine mbili, kasema 5. Nimemsikiliza mpishi. Mwisho wake tukiiuza tutapata kama 400,000, hiyo tunaitoa kwanza. Inabaki 7,200,000, gawa kwa miaka 5: uchakavu ni 1,440,000 kwa mwaka, yaani 120,000 kila mwezi, bila kupanda wala kushuka. Hii ndiyo njia ya mstari mnyoofu. Bosi kaipenda kwa jina lake.

5 Juni
Mashine inataka umeme wa njia tatu. Sisi tuna wa njia moja. Fundi umeme kaja na ngazi, waya kausahau. Bosi kauliza kama uchakavu umeshaanza. Bado: huanza mashine ikishakuwa tayari kwa kazi. Kamwambia fundi asiharakishe.

1 Julai
Umeme umefika. Mashine iko tayari. Unga hakuna.

31 Julai
Unga ulikuja katikati ya mwezi. Kabla ya hapo paka alilala ndani ya beseni la kukandia. Nimeandika uchakavu wa mwezi mzima. Bosi kataka upunguzwe nusu. Haupunguzwi; mstari mnyoofu hauulizi kama mashine imekanda au imelaza paka. Ipo njia ya kuhesabu kwa kazi iliyofanyika, lakini itabidi tuhesabu mikate kila siku, na Bosi hataki mikate ihesabiwe mbele ya watu.

Debiti gharama ya uchakavu 120,000, krediti uchakavu limbikizi 120,000. Bosi kauliza fedha hizo nimeziweka wapi. Nimejibu kwamba hazipo popote. Kanyanyuka kwenda kufunga mlango, akakumbuka hatuna. Nikamfafanulia kwa sauti ya chini: fedha zilitoka siku ya kununua, sasa tunaigawa gharama ile kwa miezi ambayo mashine inatumika. Kataka kujua kwa nini nanong'ona.

7 Agosti
Shemeji yake Bosi kaja kukopa. Kasikia kuna fedha za uchakavu zinakaa tu. Nimemwonyesha ukurasa. Kauliza kama zinaweza kutumwa kwa simu.

12 Agosti
Kapita mshauri wa kodi. Kwa Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004, mashine za kiwandani ziko kundi la pili, asilimia 25 ya salio linalopungua, kwa hiyo hesabu ya kodi itakuwa na uchakavu wake, mbali na wetu. Bosi kanitazama mimi.

20 Agosti
Mota imeungua. Kuisuka upya 180,000, pamoja na rangi ya bluu ambayo hakuna aliyeiagiza. Bosi kasema imeshakuwa mpya, tuanze kuhesabu upya. Nimeiandika matengenezo ya mwezi huu. Rangi imeingia kwenye unga kidogo. Mikate hiyo wamekula wafanyakazi.

31 Agosti
120,000 tena. Thamani ya mashine kitabuni sasa ni 7,360,000.

Jirani mwenye tanuri kaja kuiulizia, katoa bei milioni 5. Bosi kaniita nilete daftari, akamwekea kidole kwenye 7,360,000. Jirani kasoma mpaka chini, kavua miwani. Kasema kwa milioni 5 yeye anachukua mashine, na daftari Bosi amtafutie mteja mwingine.