Adabu za Maji ya Mpakani
Mkataba wa Maji ya Mpakani wa mwaka 1909, kati ya Marekani na Uingereza kwa niaba ya Kanada, ulikataza uchafuzi unaodhuru afya au mali ya jirani, ukaunda Tume ya Pamoja ya Kimataifa, yaani chombo cha makamishna sita, watatu wa Marekani na watatu wa Kanada, ambacho katika uchafuzi huchunguza na kushauri tu, tena kwa desturi baada ya serikali zote mbili kuafiki, hivyo mtuhumiwa hushiriki kuamua kama atuhumiwe. Mwaka 1918 Tume ilieleza kwamba hali ya maji hayo ilikuwa ya hatari, na penginepo ya aibu. Makubaliano ya kusafisha Maziwa Makuu ya huko hayakutiwa saini hadi mwaka 1972, ilhali majitaka, tofauti na wanadiplomasia, hayangoji kualikwa.