Toyota Haichemki

Nyumbani kwetu Eldoret kuna magari mawili na kamusi mbili. Toyota ya mume wangu, Baba Kibet, ikidondosha oili, huwa "inatoka jasho". Pijo ya kaka yangu, ambayo hulala kwetu kila akija mjini, ikidondosha tone lile lile, basi "imeoza". Usiku mmoja nilitandaza kipande cha katoni chini ya kila gari. Asubuhi nikampelekea Baba Kibet vyote viwili mezani, kando ya chai, nisimwambie kipi kimetoka wapi. Akavitazama, akavinusa kama mpishi, kisha akaweka kidole kwenye doa kubwa zaidi.

"Hili la Mfaransa."

Lilikuwa lake.

Isidhaniwe kwamba Pijo ilizaliwa na jina baya. Ile 504 ni urithi wa marehemu baba yetu, na enzi zake ndiyo iliyokuwa gari lisilokufa. Ilishinda mbio za Safari Rally mwaka 1975 ikiendeshwa na Ove Andersson, ikashinda tena 1978 mikononi mwa Jean-Pierre Nicolas, na kabla yake Pijo 404 ilikuwa imeshazizoea mbio hizo. Watu waliiona ikitoka kwenye matope na vumbi la barabara zetu wenyewe, si kwenye picha za ng'ambo. Zile Pijo ndefu zilizopakia abiria kati ya Nakuru na Eldoret ndizo zilizokuwa ndege za maskini. Tena 504 ilikuwa ikiunganishwa hapa hapa Kenya, spea zipo, na kila kituo kilikuwa na fundi anayeijua kama anavyomjua mkewe. Baba alipoona Toyota ya kwanza ya jirani aliizunguka mara moja, akagonga mlango kwa kifundo cha kidole, akauliza: "Biskuti zilikuwa tamu?"

Leo maneno ni yale yale, yamehama tu boma. Spea za 504 kaka anazisaka kama anayetafuta ng'ombe aliyepotea. Za Toyota ziko hadi kwenye kibanda kinachouza kredi ya simu. Hilo ni jambo la kweli na simnyimi Baba Kibet haki yake. Lakini kupata spea kwa urahisi ni kitu kimoja, na gari kutohitaji spea ni kingine. Yeye alivichanganya tangu siku tuliyokwenda yadi. Gari lilikuwa linakaribia miaka minane, ule ukomo ambao sheria yetu inaruhusu kwa mtumba wa kutoka nje. Hakufungua boneti. Alipangusa ile alama ya mbele kwa kitambaa, akasimama nyuma kidogo, akatabasamu. Mpwa wake naye, mwezi uliofuata, alikataa Daihatsu Boon safi kabisa akachukua Toyota Passo. Magari hayo mawili ni pacha, yote kazi ya Daihatsu. Yametofautiana jina tu. Nilipomwambia mpwa, alinitazama kwa huruma, kama mtu aliyeambiwa kwamba chumvi na sukari zote ni nyeupe.

Basi Desemba tukaalikwa koito, yaani sherehe ya posa, ya binti wa ukoo, chini kwenye bonde la Kerio. Kushuka hakukuwa na neno. Kutoka Iten barabara inajikunja kunja ukutani mwa bonde, unapita Tambach, masikio yanaziba, joto linapanda, na hatimaye uko chini Biretwo unavua sweta. Tukala, tukasikiliza wazee wakibishana ng'ombe kwa adabu kubwa, tukapakia maembe. Maembe mengi. Mama mkwe alikaa nyuma na watoto, fimbo kando, kibuyu cha maziwa ya mursik mapajani.

Saa tisa alasiri tukaanza kupanda. Kwenye kona ya tatu niliona mshale wa joto umeondoka mahali pake.

"Baba Kibet, mshale unapanda."

"Mshale huo ndio mbovu. Toyota haichemki."

Kona mbili tena. Mshale umefika mwisho na hauna pengine pa kwenda. Akaongeza sauti ya redio. Halafu mvuke ukaanza kuchungulia pembeni mwa boneti, kwanza mwembamba, kisha kama wa jikoni siku ya harusi. Mama mkwe akauliza kwa utulivu, "Kibet, baba yako anapika nini?"

Tukasimama. Baba Kibet akafungua boneti na mkono ukaenda moja kwa moja kwenye kifuniko cha rejeta. Sijui mama mkwe alishukaje garini upesi vile, na ana miaka sabini na kitu, ila fimbo yake ilifika kabla ya mkono kufika. Ninaamini iliokoa uso wa mwanawe. Tukangoja injini ipoe, watoto wakala maembe, akina mama waliokuwa wakiteka maji karibu wakatugawia dumu moja. Yale maji yaliingia juu yakatokea chini. Injini ikawashwa, ikakohoa, ikanyamaza.

Aliyetuokoa ni dereva wa Probox. Ilikuwa imejaa mpaka vioo, lakini Probox, mwenye kuijua anajua, haijawahi kujaa kwa kweli. Mimi, mama mkwe, watoto na kibuyu tukapenyezwa. Baba Kibet akabaki kulinda gari na maembe. Alipoinama dirishani kutuaga, shati limelowa jasho, uso ulikuwa unang'aa.

"Mmeona? Toyota imetuokoa."

Kesho yake gari likavutwa hadi kwa fundi, gereji ya jua kali nyuma ya barabara ya Uganda. Fundi alifungua rejeta, akachovya kidole, akatuonyesha. Tope la rangi ya chai ya maziwa. Miaka mitatu Baba Kibet alikuwa akijaza maji ya tangi, tena pale anapokumbuka. Kifuniko nacho kilikuwa cha gari jingine, kimekazwa kwa kipande cha karatasi ya nailoni.

"Huku kwetu juu maji huchemka mapema," fundi akasema, na hapo nikamwelewa kuliko mume wangu, kwa sababu mimi ndiye ninayepika maharagwe. Eldoret iko kama mita 2,100 juu ya usawa wa bahari. Maji yetu huchemka kwenye nyuzi 93 hivi, ndiyo maana githeri inatumalizia makaa. Kifuniko kizima cha rejeta hufanya kazi ya sufuria ya presha: hubana, na maji, hasa yakichanganywa na dawa yake, hupita nyuzi 110 kabla ya kuchemka. Sisi tulipanda ukuta wa Kerio na sufuria iliyofunikwa kwa nailoni. Gari la nani lisingechemka?

Gasketi ya hedi imeungua, rejeta mpya, siku nne. Wakati wanapatana bei nilihesabu magari uani. Yalikuwa tisa, na saba kati yake ni Toyota. Fundi akacheka: ndizo zilizojaa mjini, ndizo zinazokuja. Baba Kibet hakuhesabu. Macho yake yalikuwa kwenye gari moja la Ulaya lililokaa juu ya mawe, halina milango, kuku ametaga ndani.

"Unaona mambo hayo?" akaninong'oneza.

Tangu hapo kisa kimesimuliwa kanisani, sokoni na kwenye vikao vya chama, nacho kinanenepa. Siku hizi tulipanda tukiwa na maembe nusu tani, na gari jingine lolote lingelipuka pale pale. Mama mkwe akiwapo hukisikiliza chote, kisha huomba aongezewe chai.

Jumamosi iliyopita kaka alikuja na Pijo, akakanyaga msumari langoni petu. Msumari wenyewe ni wetu, wa fundi aliyetutengenezea mlango wa kuku. Baba Kibet alitoka na kikombe mkononi, akatazama gurudumu lililokaa chini, akatikisa kichwa taratibu kama mtu aliyefiwa.

"Shemeji," akasema, "nilikwambia uiuze."