Jalada la Kelele

Jumatatu
Grosari iliyo mkabala na geti langu imepata spika mpya. Ni mbili, ndefu kumzidi mhudumu aliyekuwa akizifuta vumbi, nazo zimetazama barabarani, yaani zimenitazama mimi. Jioni fundi alizijaribu: "Moja, mbili. Moja, mbili." Tatu hakufika.

Saa nne usiku wakafungulia singeli. Huo ni muziki ambao kasi yake huvuka mapigo 200 kwa dakika. Mapigo yangu, kwa mujibu wa daktari, ni 72. Kioo cha dirisha la chumbani kikaanza kuitikia. Mke wangu akasema wana hamu ya kitu kipya tu, watachoka.

Jumanne
Hawajachoka.

Jumatano
Nimefungua jalada. Nilifanya kazi masijala, upande wa ardhi, mpaka nilipostaafu, na kitu kisicho na jalada kwangu hakijatokea. Nimeliandika juu: KELELE – JUMLA.

Kazini zilikuwa zikinipitia ramani za Sinza, Kijitonyama na Mikocheni, ile miradi ya viwanja na huduma ya miaka ya 1970 iliyopata mkopo wa Benki ya Dunia. Ni viwanja vya watu kujenga na kuishi. Nenda Sinza leo usiku ukatafute mahali pa kuishi. Mtaa wetu haukupimwa na Benki ya Dunia wala na mtu mwingine yeyote, ila umepita njia ileile: mtu anajenga nyumba ya kulala, anatoboa dirisha la mbele auze soda, anaongeza friji, friji inaita viti, viti vinaita muziki. Sensa ya 2012 iliikuta Dar es Salaam na watu milioni 4.36. Ya 2022 ikawakuta milioni 5.38. Hao milioni wa ziada nao lazima wakae mahali, na wakishakaa wanataka kusikiliza kitu.

Alhamisi
Nimekwenda kwa mjumbe. Nimeambiwa hayupo, yuko ng'ambo ya barabara. Nimemkuta ameketi chini ya spika ya kushoto. Nikamweleza shida yangu, hakusikia. Nikamweleza tena kwa kupaza sauti, watu wa meza ya tatu wakageuka kuniangalia. Mjumbe akaniagizia soda.

Ijumaa
Usiku nimepiga namba ya dharura. Aliyepokea aliuliza kama kuna moto. Hakuna. Kuna aliyejeruhiwa? Bado. Akaniuliza kama naweza kusogea mahali pasipo na kelele, maana hanisikii vizuri. Nikamwambia hilo ndilo nililompigia.

Jumamosi
Kituoni. Nilimkuta koplo kaunta, kijana mwenye heshima zake.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba, afande."

Nikamwekea mezani nakala ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, pamoja na kanuni zake za kelele na mitetemo za 2015. Akazifunua, akazirudisha kwa mikono miwili. Hizo, akasema, ni za watu wa mazingira, na wao ndio wenye kipimo. Polisi wanapima kwa sikio.

"Sikio la nani, afande?"

"La aliyeko zamu."

Yeye alichonacho ni Kanuni ya Adhabu, na humo mna kosa la kero kwa umma. Akaniangalia, akamwangalia mke wangu aliyekuwa kwenye benchi.

"Mzee, nyinyi ni umma?"

Nikamwambia tuko wawili. Akasema umma ni zaidi ya hapo, nikatafute saini za majirani.

Kwa bahati mjukuu wangu alikuwa ameniwekea kwenye simu programu ya kupima desibeli. Chumbani kwangu, dirisha limefungwa, ilisoma 80. Nikamwonyesha koplo.

"Themanini kwa mia? Amefaulu huyo."

Nikamweleza kwamba haihesabiwi kwa mia. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 1999, linataka chumba cha kulala kisizidi desibeli 30, na kila kumi zikiongezeka nguvu ya sauti inazidishwa mara kumi. Kutoka 30 mpaka 80 ni mara 100,000. Koplo alinisikiliza mpaka mwisho. Akauliza kama ningependa hayo yote yaingie kwenye maelezo yangu. Nikasema ndiyo, yote. Akaandika: "Kelele ni kubwa."

Kisha akaiomba simu. Alipiga kofi, ikasoma 91. Konstebo mmoja akatoka ndani akasema "Yanga!" akapata 96. Mwenzake akaona hilo haliwezi kupita hivihivi, akasema "Simba!" akapata 96 vilevile, wakaanza kubishana kuhusu umbali wa mdomo na simu. Mtu mmoja aliyekuwa mahabusu akaomba kujaribu, akakataliwa. Nimepewa RB. Simu imerudi na chaji kidogo.

Jumapili
Kutafuta saini. Majirani wote wameniunga mkono kwa moyo.

Jirani wa kushoto anasema hajalala tangu Jumatatu, ila mumewe anauza mishikaki pale mbele. Jirani wa kulia ni wa kwaya. Anaona jambo hili ni la aibu, lakini kwa kuwa wana mkesha kila mwisho wa mwezi hangependa habari ya spika ianze kuzungumzwa kwa ujumla wake. Wa nyuma alinikaribisha ndani, akanipa chai, akalaani mmomonyoko wa maadili, halafu akanionyesha kadi ya mchango: binti yake anaolewa, turubai limeshalipiwa, barabara itafungwa, na kundi la taarabu limeshakula advansi. Tukaoneana muhali, nikachangia.

Aliyetia saini ni mpangaji wa nyumba ya pembeni, anayehama kesho. Alitia mbili.

Jumatatu
Saini zimekubaliwa. Shida ni difenda, haina mafuta. Koplo hakuniomba chochote. Alitamka tu kwamba difenda haina mafuta, akanyamaza, nami nikaita bodaboda. Walipanda mshikaki, dereva, koplo na konstebo. Njiani, kwa maelezo ya dereva, koplo aliwakumbusha wote kwamba hilo ni kosa.

Sare za polisi zinaonekana mbali. Bodaboda haijakata kona, singeli ikashuka, ikawa kitu cha kumbembelezea mtoto. Nimeona wizi ukikutwa, ugomvi ukikutwa, hata gongo ikikutwa. Kelele haikutwi. Koplo alisimama katikati ya barabara akatega sikio la zamu. Akaandika: "Tumefika eneo la tukio, tumekuta hali ni shwari."

Akadai kibali. Mwenye grosari akakitoa, kimelaminishwa, kina muhuri wa mtaa: shughuli ya kifamilia, mwisho saa sita usiku. Koplo akauliza ni familia gani. Akajibiwa kwamba wateja wa pale wanaishi kama ndugu. Ndugu wakanyanyua chupa.

Polisi walipoondoka muziki ulirudi palepale ulipoachwa, na pa kuongezea. Halafu kipaza sauti: "Tunamsalimia mzee wetu wa geti la bluu! Mzee, hii ni yako!" Ilikuwa taarabu, tena nzuri.

Jumanne
Dukani, saluni na kwa muuza vitumbua nimeitwa Geti la Bluu.

Jumatano
Asubuhi kijana wa sumu ya panya amepita na kipaza sauti chake kilichorekodiwa: panya, mende, kunguni, viroboto. Sikumfungulia folio. Yeye anatembea.

Alhamisi
Usuluhishi, ofisi ya serikali ya mtaa. Alikuwepo mwenyekiti, mtendaji, mwenye grosari, mimi, na mkaguzi wa polisi wa kata, mtu mzima anayezungumza polepole. Mwenyekiti alieleza kwamba kibali alikitoa yeye, kwa hiyo hawezi kukilaumu, ila anakihuzunikia.

Mkaguzi akauliza kama nataka kwenda mahakamani. Nikasema nataka kulala. Akasema hivyo ni vitu viwili tofauti. Nikienda mahakama ya mwanzo nitapangiwa tarehe, itaahirishwa, nitapangiwa nyingine, nitahitaji mashahidi, na mashahidi ndio hawa walioshindwa kutia saini. Tuseme nimeshinda. Bwana huyu atalipa faini, atarudi nyumbani, na nyumbani kwake ni mbele ya geti langu. Nikipatwa na homa usiku, mwenye gari la karibu ni nani? Sote tukamtazama mwenye grosari. Ni kweli, ana gari.

Nimelipitia jalada lote na hayo ndiyo maneno ya maana kuliko yote yaliyomo. Watu wanadhani polisi hawaishughulikii kelele kwa uvivu au kwa soda. Soda zipo. Lakini askari hana kipimo, hana mafuta, hana shahidi, ana majirani wawili watakaozikana. Anachoweza kuwafanyia ni kuwakalisha kwenye viti vya plastiki mpaka wachoke. Mimi nilichoka mapema, kwa kuwa sikuwa nimelala.

Makubaliano: muziki uzimwe saa sita, na spika zigeuzwe. Nakala tatu, muhuri, na pesa ya muhuri ambayo risiti yake itafuata. Spika zimegeuzwa alasiri hiyohiyo. Sasa zinatazama mtaa wa pili, ambao haukualikwa kikaoni.

Vilevile imeamuliwa kwamba wananchi wote waelimishwe.

Ijumaa
Wameelimishwa. Gari la matangazo liliingia mtaani saa kumi na mbili asubuhi, likiwa na honi nne juu ya paa na muziki wa kuvuta usikivu, kutangaza kwamba kupiga kelele ni kosa na atakayebainika atachukuliwa hatua kali. Lilifika mwisho wa mtaa likageuza, likarudia, kwa faida ya waliokuwa wamelala. Simu ilisoma 94.

Jumamosi
Saa sita wamezima. Saa sita na robo wamewasha, kwa maelezo kwamba makubaliano hayakutaja saa sita na robo. Nimeyasoma upya. Hayakutaja.

Watu wa mtaa wa pili, ambao wana damu changa, hawakutafuta saini. Walikwenda kituoni kwa wingi wao, wakiwa umma kamili, na difenda ikapata mafuta. Amplifaya imechukuliwa.

Jumapili
Nimeitwa kituoni kuongeza maelezo, kwa kuwa jalada langu na la mtaa wa pili yameunganishwa. Kiutawala ni uamuzi sahihi.

Ilikuwa siku ya Simba na Yanga. Kaunta ilikuwa tupu, wote wako chumba cha ndani mbele ya televisheni. Sauti ilikuwa nzito, safi, ya kuingia kifuani, na nikaitambua kabla sijaiona. Amplifaya ilikuwa juu ya kabati, ina kikaratasi kilichofungwa kwa uzi: KIELELEZO, namba ya jalada, tarehe. Kutoka mgongoni mwake waya ulikwenda kwenye televisheni.

Koplo alinieleza bila kuulizwa. Kielelezo lazima kithibitishwe kuwa kinafanya kazi. Ukikipeleka mahakamani kikakataa kuwaka, upande wa pili watasema kilikuwa kibovu tangu mwanzo, sasa kelele ilitoka wapi? Nikaona ana hoja. Tukakithibitisha mpaka mapumziko.

Wakati huo mama mmoja anayeishi nyuma ya kituo alifika kaunta. Mtoto wake ana homa, amelala, na sauti inapita ukutani. Konstebo akatoka kumsikiliza, akafungua kitabu, akamuuliza kama yeye ni umma.

Jumatatu
Mwenye grosari amesafiri, ana msiba mkoani. Mlango una kufuli. Majirani tumechangishana rambirambi, nami nimetoa. Nimelala saa tatu usiku, hata taarifa ya habari sikuimaliza.

Saa nane usiku simu imelia. Alikuwa koplo, yuko zamu, anafunga majalada ya mwisho wa mwezi na langu limebaki sehemu moja tu: je, kelele zinaendelea? Nikamwambia nilikuwa usingizini. Akasema hilo si jibu la kuandika. Akaniomba nitoke nje nisikilize, aandike kwa uhakika.

Nikatoka. Geti la bluu linalia kwenye bawaba, na mbwa wa jirani wa kulia akalisikia. Akabweka, wa nyuma akampokea, mtaa wa pili wote ukaitikia. Taa ya jirani wa kushoto ikawaka, dirisha likafunguliwa, na sauti ikauliza ni nani huyo anayewapigia watu kelele saa hizi, hana hata haya. Nikajitambulisha. Sauti ikasema ilijua tu.

Koplo alikuwa bado kwenye simu, amesikia yote. Akasema basi jalada ataliacha wazi.