Sifa za Kibetri Kilichofukiwa

Wengine na wasifu kioo na vifungo. Ndani ya baadhi ya oskiloskopu za Tektronix za familia ya TDS, zile za miaka ya 1990 ambazo mafundi wa nyumbani hununua mitumba, yumo mtukufu asiyeimbwa: kibetri cha lithiamu kilichofukiwa ndani ya chipu ya kumbukumbu ya Dallas Semiconductor. Hakina mlango wala kifuniko, na hakibadilishwi.

Kazi yake ni kukumbuka. Chombo kilipotoka kiwandani, kila chaneli ilishapimwa kasoro zake, na namba za kuzisahihisha zikakabidhiwa kwake. Waliotengeneza kibetri hiki waliahidi miaka 10. Vipo vilivyotumika zaidi ya 20, bila likizo wala nyongeza ya mshahara, umeme uwepo usiwepo. Nitajieni karani wa namna hiyo.

Kisha hufa, na hufa kwa adabu. Hakitoi moshi, hakipigi kelele. Unawasha chombo asubuhi, kinakwambia kimefeli jaribio la urekebishaji, basi. Namba zimekwenda zake, labda uwe ulizinakili kingali hai, jambo ambalo kila mtu hupanga kulifanya wiki ijayo.

Mwenye oskiloskopu ya Rigol DS1054Z hajui neema hii. Kanunua ya megahezi 50, kachapa msimbo, imekuwa ya 100, karudi kwenye chai yake. Bodi yake hata rangi haijui. Kibetri chetu hakivumilii uvivu huo. Kikifa, sharti uing'oe chipu nzima kwenye bodi. Ina miguu 32, na mingi hutoka kwa heshima. Ule wa ardhi ndio mbishi, maana umeshikana na shaba pana inayokunywa joto lote la pasi ya kulehemu. Unaongeza risasi mbichi ili ile kuukuu iyeyuke, unafyonza, unabana pumzi, unafyonza tena. Ukivuta kwa hasira, njia ya shaba inang'oka nao.

Ukishaweka soketi na chipu mpya, unakiacha chombo kipate moto, unachomoa probu zote, unakiamuru kijisahihishe. Kitajipima chenyewe na kujipa alama nzuri, kama watahiniwa wote wanaosahihisha mitihani yao. Unachukua bisibisi ndogo, unazungusha skrubu ya probu mpaka pembe za wimbi la mraba la kilohezi 1 zinyooke, na moyo unatulia. Lakini urekebishaji wa kweli unadai volti ya kuaminika kutoka nje, na hapo ndipo kibetri kinapokufungulia milango ya madukani: volti hiyo lazima ipimwe, na sasa unayo sababu halali ya kutafuta multimita ya HP 3458A, ile ya tarakimu 8 na nusu, bei yake usiitaje mbele ya wenye nyumba. Nayo namba zake za urekebishaji zinakaa kwenye chipu ya Dallas, yenye kibetri ndani.