Barua ya Wazi kwa Mheshimiwa Mkaguzi wa Stoo za Kemikali

Stoo ya kemikali ya kiwanda cha sabuni huwa salama siku moja kwa mwaka, siku ya ukaguzi wa kushtukiza uliotangazwa wiki mbili kabla. Siku hiyo madumu hupata lebo, sakafu hupigwa deki, na vibarua hugawiwa glavu zinazorudi kabatini gari la Mheshimiwa likishatoka getini. Kesho yake asidi hurudi kwenye chupa ya maji ya kunywa, rafu ile ile wanayowekea chai.

Kwa hiyo inaombwa, kwa unyenyekevu, semina ya usalama ya mwaka huu, ile ya hotelini, ihudhuriwe na kemikali zenyewe. Vibarua hawajawahi kualikwa, hivyo hakuna atakayenyimwa kiti.

Mpangilio wa ukumbi uangaliwe. Asidi isikalishwe jirani na jiki: zikichanganyika hutoa gesi ya klorini, na wajumbe watatoka wakikohoa kabla ya chai ya saa nne. Thina na spiriti zipewe meza ya mbali isiyo na cheche, mbali hasa na asidi ya naitriki kali, inayoweza kuziwasha bila kiberiti. Kostiki soda isisogezwe kwenye jagi, kwani hutoa joto kali ikikutana na maji. Vimiminika vikali visipandishwe jukwaani. Mahali pake ni chini ya usawa wa macho, ndani ya beseni la kubeba asilimia 110 ya ujazo wa dumu kubwa kuliko yote. Kila dumu livishwe kitambulisho chenye jina kamili na alama ya hatari, lisaini posho, lipokee fulana na cheti. Likirudi kiwandani litakuwa limesomeshwa kuliko anayelibeba.

Anayelibeba akishikwa na kiu hunywa chupa iliyo karibu. Koo huungua, na ripoti huandikwa "uzembe wa mfanyakazi". Muhuri hugongwa na mtu aliyeiona chupa hiyo rafuni akanyamaza, akala pilau ya meneja, akaondoka. Huo ndio uzembe! Mheshimiwa aiwie radhi barua hii, sauti imeshashushwa.

Mengine ni madogo. Karatasi ya usalama ya kila kemikali, yenye sehemu 16, itoke kwenye droo ya meneja na isomeke kwa Kiswahili. Bomba la kuoshea macho liwe na maji. Kizimamoto kilichokwisha muda kistaafishwe kwa heshima zote. Ufunguo wa mlango wa dharura nao utafutwe: anao mhasibu, na mhasibu yuko likizo.