Kulinunulia Shangingi Kuukuu Breki

Breki za Land Cruiser 80 hazinunuliwi kwa jina la gari. Shangingi hili, lililoanza kuuzwa mwaka 1990 na ambalo mpaka leo linapandisha mlima wa Kitonga na magunia ambayo mhandisi wake hakuyawaza, lilitoka kiwandani kwa sura nyingi: la petroli na la dizeli, la diski nyuma na la drami nyuma, la soko la Japani, la Ghuba na la Afrika. Mteja anayeingia duka la spea Kariakoo, au Kirinyaga Road kule Nairobi, akaomba “pedi za mbele za Land Cruiser”, huwekewa maboksi manne juu ya kaunta na kuambiwa achague. Kwa kawaida huchagua lenye rangi nzuri.

Kinachotakiwa ni modeli kamili na mwezi wa kutengenezwa. Herufi kama HZJ80, HDJ81 au FZJ80 zimo kwenye kibamba cha chuma ndani ya boneti. Mwezi nao una kazi yake, kwa sababu Agosti 1992 Toyota ilikuza breki za mbele, na pedi za kabla ya hapo hazikai mahali pa zile za baadaye. Kadi ya gari husema mwaka tu, na pengine ni mwaka wa usajili. Gari la soko la Japani lina kisa chake zaidi: halina namba ndefu ya nafasi 17, bali namba fupi ya fremu. Katalogi ya kompyuta inayodai nafasi zote zijazwe huikataa, na kijana wa dukani huanza kuongeza sifuri mpaka mashine iridhike. Pedi zinazopatikana kwa njia hiyo huwa ni nzima kabisa, ila ni za gari jingine.

Mafundi hushauri mteja aende dukani na kipande cha zamani. Ni ushauri mzuri, lakini una mtego. Gari la miaka thelathini limepita mikono mingi, na huenda pedi iliyotolewa haikuwa yake tangu mwanzo. Fundi mmoja wa njiani aliifunga usiku, mvua ikinyesha, baada ya kuipunguza masikio kwa grenda. Muuzaji anaweza kupekua rafu hadi jioni asipate inayofanana nayo, kwani kiwanda kilichoitoa ni kimoja tu, nacho kiko chini ya mwembe. Kipande cha zamani, basi, kilinganishwe kwanza na kalipa na diski kabla ya kuaminiwa.

Uzito ni habari ambayo wenye magari hawapendi kuulizwa. Likiwa tupu, gari hili lina tani mbili na ushei. Likiongezewa ngao ya chuma, winchi, keria, tangi la pili la dizeli na shemeji aliyeomba lifti yeye na mbuzi wake, linakaribia tani tatu. Gari la tani tatu likisimamishwa kutoka mwendo wa kilometa 80 kwa saa, breki hupokea joto linalotosha kuchemsha zaidi ya lita mbili za maji, yaani birika zima la chai. Kuushuka ukuta wa kreta ya Ngorongoro, meta 600 hivi, kwa breki peke yake ni kama kusimama hivyo mara 24 bila kupumzika. Gia ndogo ndiyo inayopaswa kubeba mzigo huo, dereva akikumbuka kuiingiza kabla harufu haijamkumbusha. Matairi makubwa nayo hudai chake: kipenyo kikizidi kwa asilimia 10, mguu utahitaji kukanyaga kwa nguvu zaidi kiasi hichohicho ili gari lisimame palepale.

Ndiyo sababu herufi mbili zilizochapwa kwenye pedi nyingi zinastahili kusomwa hata kama zimeandikwa kwa udogo wa kuudhi. Ni za mfumo wa SAE wa Marekani: ya kwanza hueleza msuguano pedi ikiwa baridi, ya pili ikiwa ya moto. E ni kati ya 0.25 na 0.35, F kati ya 0.35 na 0.45, G kati ya 0.45 na 0.55. Kwa gari zito la milimani, FF ni mahali pazuri pa kuanzia. FE hulegea joto linapopanda, yaani wakati uleule inapohitajika. Alama ya E ndani ya duara, pamoja na 90R, ni ya kanuni ya Ulaya isiyoruhusu utendaji wa pedi mbadala upishane na wa ile ya asili kwa zaidi ya asilimia 15. Watengenezaji wa feki nao huchapa alama hizo, tena kwa wino uliokolea kuliko wa wenyewe.

Pedi zenye chembe za chuma huvumilia joto, ila hula diski na hupiga kelele asubuhi. Za kauri ni kimya na hazina vumbi jingi. Kwa gari linalobeba mzigo, za chuma zinafaa zaidi, na kelele yake si hasara tupu: mlinzi hufungua geti bila kupigiwa honi.

Diski huandikwa unene wa mwisho unaoruhusiwa, baada ya maneno MIN TH. Ikikaribia hapo, kuikereza ni kupoteza fedha mara mbili. Diski zenye matundu hupendeza kwenye picha, lakini kwenye matope matundu huziba, na ufa hupenda kuanzia hapo. Kisha kuna wanaobadili pedi za upande mmoja ili kubana matumizi. Gari huanza kuvuta kulia, likapelekwa kwenye alaimenti, likabalansiwa matairi, likafungwa bushi mpya, likaombewa dua, na bado linavuta kulia.

Nyuma kuna vali iliyounganishwa na ekseli kwa fimbo. Bodi ikishushwa na mzigo, vali hupeleka shinikizo zaidi kwenye breki za nyuma, ikiinuka, hulipunguza. Gari likifungwa springi ndefu ili lionekane la kiume, vali huamini kuwa liko tupu siku zote, hata likiwa limejaa viazi. Breki za mbele hufanya kazi ya wote, pedi huisha upesi, na lawama humwendea muuzaji. Dawa ni kurekebisha fimbo ifuate kimo kipya. Yapo magari ambayo fimbo hiyo imefungwa kwa waya, na anayejua sababu alishahama mji.

Mafuta ya breki ni habari fupi. DOT 3 huchemka kuanzia nyuzi 205 yakiwa mapya, DOT 4 kuanzia 230. Yakishafyonza unyevu viwango hushuka hadi 140 na 155. Kwa hiyo chupa iliyofunguliwa mwaka juzi ikawekwa chini ya kiti si akiba. DOT 5 ni ya silikoni na haichanganywi na hayo. DOT 3 na DOT 4 hubabua rangi ya gari, jambo ambalo hugunduliwa utingo anapopampu pedali kwa bidii kabla fundi hajafunga nati ya kutolea upepo.

Pedi mpya huhitaji kuzoeshwa diski: kupunguza mwendo kutoka kilometa 60 hadi 10 mara kadhaa, bila kusimama kabisa, kisha kuziacha zipoe. Barabara tupu inafaa zaidi, kwani bodaboda aliye nyuma hana namna ya kujua kuwa hilo ni zoezi, na maneno yake huwa makali.

Kinachosahaulika ni hendibreki. Kwenye gari lenye diski nyuma, hendibreki ina drami yake ndogo katikati ya diski, na viatu vyake huuzwa peke yake. Hilo hugunduliwa duka likiwa limefungwa. Usiku huo gari hulala na jiwe nyuma ya tairi, spea pekee inayoingia modeli zote za kabla na baada ya Agosti 1992.