Waraka kwa wauzaji wa makasha ya alumini

Bagamoyo, Tukuyu,
Wilaya ya Rungwe.

Kwa waheshimiwa wauzaji wa vipuri vya kompyuta,

Bagamoyo ninakoandikia si ile ya pwani yenye majahazi. Ni kata ya mji wa Tukuyu, kwenye miteremko ya Mlima Rungwe, ambako mvua ya Aprili huanza alfajiri na magharibi hutukuta bado tumejikunyata jikoni. Nawaandikia kwa heshima, maana bila ninyi vijana wetu wasingepata mahali pa kununua mazabodi wala kadi ya picha. Kwa heshima hiyohiyo nitasema waziwazi.

Mpwa wangu aliweka akiba ya fedha za parachichi kwa misimu miwili ili ajiundie mwenyewe kompyuta ya kuchezea gemu. Alipofika kwenye kasha, lile ambalo wengi bado huliita sipiyu, mmoja wenu alimwambia kwa simu achukue la alumini kwa sababu alumini inapooza kompyuta. Kwa maneno hayo kijana akalipa karibu maradufu ya bei ya kasha la chuma. Mzigo uliposhuka kwenye basi tulikuta kitu kizuri kweli: chepesi, kimesuguliwa kikang'aa, na upande wa mbele umezibwa kioo kutoka juu hadi chini. Gemu lilipoanza, feni zikavuma kama mashine ya kusaga, na baada ya nusu saa picha zikawa zinakwamakwama. Tulipofungua ubavu wa kasha, joto likashuka na gemu likaenda vizuri.

Ndugu zangu, sufuria ya alumini huwahi kuchemka kwa sababu imekaa juu ya jiko. Kasha halikukaa juu ya kinachowaka. Prosesa ina kipoozeo chake, kadi ya picha ina chake, na vyote viwili humwaga joto kwenye hewa iliyomo ndani. Ni kweli alumini hupitisha joto mara kadhaa zaidi ya chuma, lakini sifa hiyo inasaidia nini ikiwa chenye moto hakigusi bati? Kadi kubwa ya picha peke yake huweza kula wati 300, karibu theluthi ya pasi ya umeme, na joto hilo halina njia ya kutoka isipokuwa kubebwa na hewa. Ya baridi iingie mbele na chini, ya moto itoke nyuma na juu. Hapa kwetu hewa ya baridi hatuinunui, na Juni na Julai tunayo ya kugawa. Ninyi mkatuuzia kasha lililoifungia nje.

Linalonisikitisha zaidi ni kwamba alumini ina sifa za kweli, tena zinatufaa sisi watu wa mvua kuliko wateja wenu wengi. Huku ukungu huingia hadi chumbani, na nguo hukaa siku tatu kwenye kamba bila kukauka. Kasha la chuma hupakwa zinki na rangi, lakini mahali palipochubuka, au kwenye tundu la skrubu, kutu huanza kula kimyakimya. Alumini haipati kutu ya namna hiyo. Ikikutana na hewa hujifunika utando mwembamba, mgumu, unaoilinda. Tena kwa ujazo uleule uzito wake ni kama theluthi ya uzito wa chuma, na mzigo unaosafiri zaidi ya kilomita 800 kutoka Dar es Salaam kwenye buti la basi hulipiwa kwa uzito huo. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mlikuwa na kizuri mkononi. Kwa nini mlikitembeza kwa uongo, wakati ukweli wake ungetosha kukiuza?

Basi mteja mwingine akipiga simu, mwambieni na haya. Mwambieni alumini ni laini, na skrubu ikikazwa kwa hasira, meno ya tundu hukatika na hayarudi. Mwambieni bati likiwa jembamba hutetema feni zikizunguka, hivyo mtajieni unene wake hata kama hakuuliza. Muulizeni mazabodi yake ni ya kipimo gani, maana ya ATX ina milimita 305 kwa 244, na kadi yake ya picha ina urefu gani, kwa kuwa nyingine huzidi milimita 300 na hazitaingia.

Mwambieni pia habari ya umeme. Alumini iliyotiwa utando wa rangi kiwandani haipitishi umeme juu yake, kwa hiyo pawa saplai lazima iguse metali tupu pale inapofungwa. Na huku mitaani wapo wanaochokonoa tundu la juu la soketi kwa kalamu ili plagi ya pini mbili iingie, na kompyuta ikafanya kazi bila athi. Kasha la metali likianza kutekenya vidole, hiyo ni dalili ya kumwita fundi umeme. Kuvaa kandambili si dawa.

Kasha la mpwa wangu tulilipeleka kwa fundi anayetengeneza madirisha ya alumini hapa mjini. Hajawahi kuunda kompyuta. Aliligeuza mara mbili, akagonga kile kioo kwa kidole, kisha akauliza: "Sasa hewa inaingilia wapi?" Alikitoa kioo, akaweka wavu wa mbu ndani ya fremu, na tangu siku hiyo gemu halijakwama.

Swali lile lilikuwa lenu, waheshimiwa. Lilipaswa kuulizwa kabla kijana hajatuma fedha zake za parachichi.

Ni mimi, mteja wenu bado,
Mjomba wa mnunuzi.